Je, Nyumba Iliyojengwa Mchangani Inahitaji Mlizamu?

Fundi aliyenijengea nyumba yangu Kisauni, Mombasa, alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemwuliza kuhusu milizamu, ile mifereji ya kukinga maji ya mvua ukingoni mwa paa, au magata kama wanavyosema mafundi wa siku hizi. "Mzee," aliniambia, "hapa ni mchangani, na mchanga haushibi maji." Nilimkubalia upesi, kwa sababu maneno yake yalikuwa na ukweli ndani yake, na kwa sababu, nisifiche, fedha zangu zilikuwa zimeishia kwenye mabati. Nyumba ikakamilika bila mlizamu hata mmoja, nami nikahamia mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, ambapo mtu anaweza kukaa wiki nyingi bila kukumbuka kwamba paa lina kazi nyingine zaidi ya kuzuia jua.

Ni haki kwanza kueleza hoja ya fundi inasimama wapi, kwani wengi huipuuza bila kuisikiliza. Udongo wa mfinyanzi hufura unaponyweshwa na kunywea unapokauka, na mwendo huo wa kila msimu ndio unaopasua misingi na kuta. Mchanga haufanyi hivyo: maji hupenya, hushuka, na juu hubaki pakavu baada ya muda mfupi. Katika nchi za baridi kuna pia barafu inayoganda kwenye udongo ulioloa na kusukuma misingi, jambo ambalo sisi hatulijui kabisa. Ndugu yangu mmoja anayeishi Florida, Marekani, ambako kuna joto na mchanga kama kwetu, aliniambia kwamba nyumba nyingi za huko hazina milizamu na wenyewe hawaoni ajabu. Kwa hiyo anayesema kwamba mlizamu wa mchangani si wa lazima kama ule wa penye mfinyanzi, hajakosea.

Kosa langu lilikuwa kufikiria maji yakishafika ardhini, nikasahau yanavyofika. Chukua paa kama langu, lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 ukipima kutoka upenu hadi upenu, likimwaga maji pande mbili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa siku moja ya masika Mombasa, huteremsha lita 2,000 kila upande, na kwa kuwa ukingo wa kila upande ni mita 10, kila mita moja ya ukingo hudondosha lita 200. Hiyo ni mitungi kumi ya lita 20 inayomwagwa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi usiozidi upana wa kiganja, kutoka kimo cha mita karibu tatu, huku ardhi ya hatua mbili kutoka hapo ikipata mvua yake ya kawaida tu. Mchanga ule ule usioshiba maji hauna pia cha kuushikamanisha. Hunywa, ndiyo, lakini huku unakunywa huchimbika.

Masika ya kwanza yalinifundisha hayo kabla mwezi wa Mei haujaisha. Chini ya upenu kulichimbika mfereji ulionyooka kana kwamba fundi aliupigia uzi. Hilo lingevumilika. Lililonitisha ni kona ambapo paa la jikoni hukutana na paa kuu: hapo maji ya mapaa mawili hukusanyika kwenye bonde moja na kushuka kama bomba lililopasuka, nayo yalikuwa yamefukua shimo lililofika nusu ya paja langu, na mawe ya msingi yakaonekana. Nyumba haikuanguka wala haikupasuka, lakini mchanga uliokuwa umeushika msingi pembeni ulikuwa umehama na kulala kwenye kizingiti cha choo.

Uharibifu wa pili ulikuja taratibu zaidi. Kila tone linaloanguka mchangani huruka pamoja na mchanga wake, na kuta zangu zikapata mkanda wa rangi ya tope hadi usawa wa magoti, kisha mkanda huo ukageuka kijani upande usiopigwa na jua. Nyumba zetu nyingi hujengwa kwa mawe ya timbo, yaani mawe ya matumbawe, ambayo yana vitundu vingi na hufyonza maji vizuri kuliko mtu anavyotarajia. Maji yakiingia hubeba chumvi iliyomo kwenye mawe, na iliyomo kwenye mchanga wa pwani ikiwa fundi aliuchanganya na saruji bila kuuosha. Ukuta unapokauka, chumvi hubaki juu kama unga mweupe, na nyuma yake plasta huanza kubambuka. Mwaka wa pili nilipiga rangi. Mwaka wa tatu nikaelewa kwamba ninapaka rangi juu ya ugonjwa.

Ndipo nikafanya kosa la kinyume: nikazungusha milizamu nyumba nzima. Nilinunua ya bati, kwa kuwa ilikuwa rahisi, na upepo wa bahari ukaanza kuila kwenye maungio na kwenye vishikizo, vilivyokuwa vya chuma cha kawaida. Juu ya upande wa mashariki kuna mkungu wa jirani, na yeyote aliyewahi kufagia chini ya mkungu anajua ukubwa wa majani yake. Mawili tu yanatosha kuziba tundu la bomba. Kunguru nao, ambao Mombasa tunaishi nao kama wapangaji wasiolipa kodi, waliufanya mlizamu kuwa kabati la kuhifadhia mifupa ya samaki na vipande vya waya. Maji yakasimama, na kwenye maji yaliyosimama nikaona viluwiluwi vya mbu. Katika mji ambao umepata milipuko ya homa ya dengi na ya chikungunya, magonjwa yanayoenezwa na mbu anayezaliana katika maji yaliyotuama kuzunguka nyumba, mlizamu ulioziba ni mbaya kuliko kutokuwa na mlizamu. Nasema hivyo bila kusita. Asiye na ngazi, wala mtu wa kumpandia, na aache.

Mwishowe niliing'oa yote na kurudisha pande mbili tu. Nilirudisha kwenye ile kona ya jikoni pamoja na upande unaoiendea, kwa sababu maji ya bonde la paa hayana msamaha popote yanapoanguka. Nilirudisha pia upande wa mbele, juu ya mlango na baraza, kwa sababu wageni wa ndani na wa nje hawapendi kuingia nyumbani kupitia pazia la maji. Pande zilizobaki niliziachia mvua, lakini kwanza nilijaza ule mfereji uliochimbwa na matone kwa kokoto kubwa, ukanda wa sentimita 60 kwa upana na 15 kwa kina. Tone likiangukia kokoto huvunjika na kuzama bila kurusha kitu ukutani. Kazi hiyo ilichukua siku mbili na haijahitaji kurudiwa. Kama ningekuwa najenga leo ningeongeza pia upenu: paa linalotokeza sentimita 75 nje ya ukuta hufanya nusu ya kazi ya mlizamu, na kunguru hawezi kuliziba. Wenye paa la makuti wanalijua hilo tangu zamani, maana makuti hayapokei mlizamu vizuri, na ndiyo sababu hushushwa chini na mbali na ukuta.

Jambo moja lisikudanganye. Mvua za masika huja na upepo wa kusi, na ukuta unaoukabili hulowa kwa mvua inayopigwa ubavuni, si kwa maji ya paa. Nimemwona mtu akiweka mlizamu wa gharama kubwa upande huo, kisha akashangaa kuwa unyevu haukupungua. Ukuta huo unahitaji plasta nzuri na upenu.

Yote niliyosema yanahusu mchanga ulioachwa kuwa mchanga. Siku hizi viwanja vingi vimefunikwa kabro, yaani matofali ya saruji ya kutandika chini, kutoka lango hadi uani, na maji ya paa hayana tena pa kuzama. Hutiririka kufuata mteremko, na mara nyingi mteremko huo huelekea kwa jirani. Mama mmoja anayepakana nami, ambaye mtaa mzima humwita Bibi, aliwahi kunisimamisha na kuniambia kwa upole uliokuwa mzito kuliko ukali: "Mwanangu, mvua ya Mungu naipokea, lakini ya bati lako ichukue mwenyewe." Alikuwa na haki. Uliyeweka kabro, au uliyejenga hadi karibu na mpaka, au uliye na shimo la maji machafu chini ya upenu, mlizamu kwako ni wa lazima, hata mchanga uwe mweupe kama unga.

Isitoshe, Mombasa yote si mchanga. Changamwe na Miritini kuna mfinyanzi, na aliyejenga huko asichukue ushauri wa mtu wa Bamburi. Chimba shimo la kina cha goti, mwaga mtungi mmoja wa maji, ukae ukitazama. Yakizama kabla hujamaliza kikombe cha kahawa, uko mchangani. Yakiwa bado yapo baada ya saa nzima, weka mlizamu pande zote na uyapeleke maji mbali na msingi.

Lakini nikiulizwa leo kwa nini ninaithamini milizamu yangu miwili, sitataja msingi kwanza. Nitataja maji. Mji huu huletewa maji kutoka mbali, mengine kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, na kila mkazi anajua bomba linapokauka mtungi wa mkokoteni hugeuka bidhaa ya thamani, huku visima vingi vikitoa maji ya chumvi. Hata Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ina birika la kukusanyia maji ya mvua. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na paa langu, hata nikikusanya upande mmoja tu na kupoteza sehemu ya tano, linaweza kunipa zaidi ya lita 30,000. Maji ya mwanzo baada ya kiangazi huyamwaga, kwa kuwa hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata huingia kwenye tangi lililofunikwa kwa wavu, nasi huyatumia kufulia na kuoshea vyombo.

Kwa atakayeweka, upana ukadirie hivi: kila mita moja ya mraba ya paa ihesabiwe angalau sentimita moja ya mraba ya nafasi ya ndani ya mlizamu, ukiutazama kama umekatwa kwa upana. Upande wangu wa mita 40 za mraba ungetosheka kwa nusu duara yenye kipenyo cha sentimita 10 na kidogo, lakini nilichagua kubwa zaidi kwa sababu ya mvua za Mei. Mteremko uwe milimita 5 kwa kila mita. Karibu na bahari chagua plastiki au alumini, na vishikizo visivyoshika kutu, vilivyopigiliwa kwenye ubao mzima, kwani ubao unaofunika vichwa vya makombamoyo, yaani miti inayobeba paa, ukioza, mlizamu na ubao huanguka pamoja. Mimi husafisha mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Machi hii mjukuu wangu alishuka ngazini na kijiko cha chai tulichokuwa tumekitafuta tangu Ramadhani.