Joto la Mwili: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Nikijipima asubuhi napata nyuzi 36.3, jioni 37.1. Je, ninaumwa?

Huumwi. Joto la mtu mzima aliyepumzika hushuka zaidi karibu na alfajiri na kupanda zaidi alasiri kuelekea jioni, na tofauti ya nusu nyuzi au zaidi kidogo ni ya kawaida. Wunderlich, daktari Mjerumani aliyeeneza kipimo cha 37 mwaka 1868, alilijua jambo hilo. Ni sisi tulioshika tarakimu moja tukasahau mengine. Kwa wanawake, joto huongezeka kidogo yai likishapevuka. Jipime saa ileile na mahali palepale, kwa kuwa kwapani husoma chini kuliko mdomoni.

Swali: Mkimbiaji hufika nyuzi 39 na bado anakimbia. Mbona homa ya 39 hutulaza kitandani?

Kwenye homa, ubongo wenyewe hupandisha kiwango cha joto unachokilinda, ndiyo maana mgonjwa hutetemeka na kuomba blanketi ilhali anawaka. Mazoezi hayagusi kiwango hicho: misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati kuwa mwendo, na sehemu kubwa inayobaki huwa joto, ambalo damu hulipeleka kwenye ngozi ili jasho liliondoe. Hapo hali ya hewa ndiyo huamua. Jasho linalodondoka kutoka kwenye kiwiko halijapoza chochote, kwani linalopoza ni lile linalokaukia mwilini. Kwa hiyo anayekimbia Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, hewa ikiwa imejaa unyevu, hulowa fulana nzima na bado joto likampanda, wakati mwenzake wa Iten, mji wa Kenya kwenye mwinuko wa karibu mita 2,400 wenye hewa kavu zaidi, hukauka upesi.

Swali: Nikimeza paracetamol kabla ya mbio, itanipoza?

Usiitegemee. Hushusha kiwango kilichopandishwa na homa, haizimi joto la misuli.

Swali: Ni wakati gani tuogope?

Mkimbiaji akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia, hasa joto likizidi nyuzi 40, hiyo ni dharura hata kama bado anatoka jasho. Mwitieni msaada wa hospitali, na mkiusubiri mwekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji baridi mwili mzima bila kukoma huku mkimpepea. Na ikiwa hana fahamu, msimnyweshe chochote.