Je, Riziki ya Kuosha Magari Ziwani ni Halali?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi huosha magari ufuoni hapa Kisumu. Matatu na pikipiki huingizwa majini kabisa, tunavuta maji ya ziwa kwa pampu, na povu pamoja na oili hurudi humo humo. Ndugu mmoja ninayeswali naye ameniambia pesa yangu ni haramu kwa sababu naharibu ziwa. Nina mke na watoto watatu. Mbona viwanda na mitaro ya maji taka hawaambiwi kitu? Na je, wudhu ninaochukua hapo hapo unasihi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah.

Nianze na pesa, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Unacholipwa ni ujira wa jasho lako. Mtu analeta gari chafu, unalirudisha safi kwa bei mliyopatana. Hiyo ni ijara, yaani mapatano ya kazi kwa malipo, na ni halali. Ndugu yako amechanganya mambo mawili: kazi, na mahali maji machafu yanapoelekea. Usiyatupe mapato yako kwa hofu, walishe wanao. Dhambi iko kwenye kumwaga, na hapo sina neno la kukupunguzia.

Nilipopata swali lako niliteremka ufuoni baada ya Alasiri. Nikakuta matatu imezama hadi ringi, na oili imetanda chini ya injini kwa rangi za upinde wa mvua, inasogea polepole. Hatua kama kumi kutoka hapo mama mmoja aliufagia ule utando kwa kiganja, akazamisha jerikeni yake ya lita 20, akaiziba kwa karatasi ya nailoni, akajitwika. Hakumsemesha mtu.

Mtume (S.A.W.) ametuonya, katika hadithi iliyomo kitabuni mwa Abu Daud, tujiepushe na mambo matatu yanayoleta laana: kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini. Sababu yake iko wazi, nayo ni kuwaudhi watu pale wanapopahitaji. Oili si najisi kama kinyesi, lakini maudhi ni yale yale. Tena kinyesi huoza, oili hukaa. Katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim kuna katazo la kukojoa katika maji yaliyotuama, na Ghuba yetu ya Winam, mkono huu wa Ziwa Victoria, haiko mbali na kutuama: ina kina kifupi, na mlango wake wa kutokea ziwa kuu ni mwembamba, kwa hiyo kinachoingia hakitoki upesi. Fosfati iliyomo katika baadhi ya sabuni ni mbolea kwa gugumaji, lile lile linalofunga njia ya mashua za ufuo wa Dunga. Na maji ya bomba ya mji huu pia huvutwa kutoka ziwani.

Kuhusu viwanda, umesema kweli, na mzigo wao ni mkubwa kuliko wako. Ila Qur'ani (6:164) imesema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na maana yake ni kwamba wao pia hawatakubebea wako. Unaikumbuka hadithi ya jahazi? Waliokaa chini walichoka kupita kwa wa juu kila wakitaka maji, wakaona heri watoboe tundu upande wao. Nia yao haikuwa mbaya hata kidogo. Walitaka wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa, wote wanazama. Ukitaka kuwashtaki wenye viwanda, mlango upo: Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 hakikulazimishi kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Lakini hebu fikiria unaingia mahakamani na viatu vinavyonuka dizeli ya ufuoni.

Sikuambii uache kazi kesho. Anzeni kwa kuyatoa magari majini. Yaosheni juu, penye kokoto. Chimbeni shimo mlisakafie kwa saruji, maji yote yaingie humo kwanza. Mafuta huelea, basi bomba la kutolea lianzie chini, karibu na sakafu, kisha lipande hadi karibu na ukingo kabla ya kutoka, ili shimo lisikauke na utando ubaki juu muuchote na kuutia kwenye dramu. Maji yanayotoka yasielekezwe ziwani. Kundi la vijana wanane likichanga, saruji haishindikani. Na kubadilisha oili ya injini pale ufuoni, hilo komesheni leo.

Wudhu wako unasihi. Ziwa ni maji mengi, na kwa madhehebu yetu ya Shafi hayanajisiki mpaka najisi ibadilishe rangi, ladha au harufu yake. Ukijani wa mwani unasameheka, kwa kuwa umetoka humo humo. Mafuta yanayoelea bila kuchanganyika hayaondoi utohara, ila sogea mbali na povu zito. (Na sisi wa msikitini tusijione bora: Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na hapa kwetu mtu hufungua bomba, akageuka kumwamkia jirani.)

Kuna jambo hukuliuliza. Grisi iliyoganda kwenye mikono na viwiko huzuia maji kufika kwenye ngozi, na wudhu juu yake hausihi. Isugue kwanza mpaka itoke, halafu utawadhe. Na maji ya kuisugulia yamwage shimoni.

Wallahu aalam.