B-29 ya Bleaklow: tafuta nguzo kwanza, ndege baadaye

Mkuu, umeuliza kwa nini simu ilikuambia umeshafika kwenye mabaki ya ile B-29, ndege kubwa ya kivita, iliyoanguka kwenye kilima cha Bleaklow, Uingereza, nawe ukiinua macho unaona tope jeusi na ukungu tu. Pole. Mimi safari ya kwanza nilirudi mikono mitupu vilevile, na kosa langu lilikuwa la kijinga kuliko lako.

Nilianzia barabara ya A57, ile ya Snake Pass kati ya Sheffield na Glossop, pale inapokatwa na njia ya miguu ya Pennine Way. Mwanzo ni raha tupu, mawe bapa yamepangwa juu ya tope, unatembea kama uko barazani. Unapita mtaro mrefu wa Devil's Dike, halafu unafuata kijito cha Hern Clough, na huko mbele ndiko unakotakiwa kuiacha njia na kukata kushoto, magharibi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu nyumbani: mwendo wangu huu, umbali huu, kwa hiyo baada ya dakika kadhaa nakata kona. Dakika zikatimia, nikakata. Ukungu ulikuwa umeshuka, kijito hakionekani, dira iko ndani ya begi. Saa mbili nzima nikazunguka makorongoni kama kuku aliyepotea banda.

Baadaye ndipo nikaisoma vizuri habari ya ajali yenyewe, nikaona haya. Tarehe 3 Novemba 1948 ndege hiyo ya jeshi la anga la Marekani ilitoka kambi ya anga ya Scampton kwenda ya Burtonwood, zote Uingereza, safari fupi isiyofika hata saa moja. Ilikuwa ndege ya kupiga picha, na miaka miwili nyuma ilikuwa imepiga picha za majaribio ya mabomu ya nyuklia kule Bikini, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Jina lake Over Exposed, utani wa wapiga picha, yaani picha iliyozidiwa na mwanga. Siku hiyo mwanga haukuwapo. Inaaminika kwamba walikuwa ndani ya mawingu, wakahesabu muda, wakaona vilima wameshaviacha nyuma, wakaanza kushuka. Walikuwa bado hawajavipita. Watu wote 13 walikufa, karibu na Higher Shelf Stones, kilele kimojawapo cha Bleaklow chenye mita 621 tu.

Sasa shida yako. Kwanza, namba ya ramani wanayopeana watu, SK 090 949, si nukta. Namba ya tarakimu sita inataja mraba wa mita 100 kwa 100, na kwenye ukungu ambao huoni hata hatua ishirini, huo ni uwanja mzima wa kupotelea. Pili, mshale wa simu unanyooka, lakini ardhi ya Bleaklow hainyooki. Udongo wake wa mboji umechimbwa na maji ukawa makorongo yanayompita mtu kimo, yanajipinda na kugawanyika. Ukiingia moja, linakupeleka linakotaka lenyewe. Ukipanda ukingoni unateleza, ukirudi chini umeshasahau ulitazama wapi. Nasikia watu wakisema kilima kina mauzauza. Mauzauza gani, ni makorongo tu.

Kwa hiyo safari ya pili sikuitafuta ndege kabisa. Nilitafuta kilele cha Higher Shelf Stones. Pale juu kuna nguzo nyeupe ya wapima ardhi, imesimama penye miamba, na kuipata ni rahisi kwa sababu ukikosea unajua: kama bado unapanda, hujafika. Kutoka nguzoni nilishika dira kuelekea kaskazini mashariki, nikahesabu hatua kama mia mbili. Kabla hazijaisha nikaona kitu kinang'aa kwenye tope.

Ni vingi kuliko nilivyotarajia. Injini zimelala kama ng'ombe waliochoka, silinda zake bado unaweza kuzihesabu. Miguu ya magurudumu, vipande vya mabawa, bati la alumini lililokunjamana na bado halijapata kutu. Kuna jiwe la kumbukumbu, na watu huacha misalaba midogo ya mbao yenye ua jekundu. Nilivua kofia bila kuambiwa.

Usiokote kitu, hata msumari. Tangu mwaka 1986 Uingereza ina sheria ya kulinda mabaki ya ndege za kijeshi, na kusogeza kipande bila kibali cha wizara ya ulinzi ni kosa la jinai.

Chukua ramani ya karatasi, dira itundike shingoni, na tochi hata ukiondoka asubuhi. Utasikia pia kwamba James's Thorn, jirani tu na hapo, kuna mabaki ya Lancaster, ndege nyingine ya kivita, iliyoanguka Mei 1945. Ni kweli, ila hiyo ifanye siku nyingine. Mimi nilijaribu zote mbili kwa siku moja na nikashuka gizani.