Maumivu ya hedhi, jeni na mchochota: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii yote yanahusu endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, hata juu ya utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa wanao.

Dada, mama aliumwa hivihivi akaambiwa ndio uanamke. Je, nimerithi kwake?

Kwa sehemu, ndiyo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za hatari baina ya mtu na mtu inatokana na urithi. Lakini usitafute jeni moja ya kulaumu. Mwaka 2023 watafiti walilinganisha vinasaba vya wanawake zaidi ya 60,000 wenye ugonjwa huu na vya watu zaidi ya 700,000 wasio nao, wakapata maeneo 42 ya vinasaba yanayohusiana nao. Kila eneo linaongeza hatari kidogo tu. Na mama yako, pole zake, hakustahili kujibiwa vile.

Mimi niliambiwa ni ugonjwa wa homoni. Sasa naambiwa ni mchochota. Kipi ni kweli?

Vyote viwili. (Mchochota ni pale kinga ya mwili inapowaka na kuleta joto, kuvimba na maumivu. Nasema mchochota kwa sababu ukitaja uvimbe, wengi hudhani ni fibroidi.) Fikiria kidoa cha tishu kilichoota ukutani mwa nyonga. Hedhi ikifika, nacho hutoka damu, ila damu hiyo haina njia. Seli za kinga hukimbilia pale na kumwaga kemikali za kuita wenzao. Prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea maumivu, huongezeka, maumivu yanapanda, kisha prostaglandini hizohizo huisukuma tishu itengeneze estrojeni, homoni ya kike, yake yenyewe. Estrojeni nayo huikuza tishu. Mduara unajizungusha.

Swali gumu lilikuwa hili: mchochota ni matokeo tu ya tishu hizo zilizoota, au una mkono katika kuuanzisha ugonjwa? Hapo ndipo jeni zinaposaidia, maana ulizaliwa nazo kabla ya hedhi ya kwanza; ugonjwa hauwezi kuzibadilisha. Mojawapo ya maeneo yaliyopatikana liko jirani na jeni ya IL1A, inayotengeneza intalukini-1 alfa, mpiga mbiu wa mchochota. Kuwa jirani si uthibitisho kwamba jeni hiyo ndiyo mhusika, kwa hiyo tusikimbilie. Ila mwaka 2021 jeni nyingine, NPSR1, ilihusishwa na ugonjwa huu katika familia za binadamu na pia kwa nyani wa jamii ya rhesus, ambao huupata wenyewe. Panya walipopewa kemikali ya kuizuia protini yake, mchochota na maumivu ya tumbo vilipungua. Huo ni ushahidi mzito, ingawa panya si mwanamke. Wakati huohuo maeneo mengine yako karibu na jeni za homoni, kama ESR1, jeni ya kipokezi cha estrojeni. Anayekutaka uchague upande mmoja anakupotosha.

Nina kipandauso na mgongo pia. Nyumbani wananiona mlalamishi.

Hulalamiki bure. Utafiti uleule wa 2023 ulikuta endometriosisi ikishiriki misingi ya kinasaba na kipandauso, maumivu ya mgongo na hata pumu. Uchambuzi wa 2025 ukaongeza baridi yabisi. Haina maana utayapata yote. Ina maana unapomweleza daktari, usimfiche hata moja.

Kuna kipimo cha jeni cha kuugundua?

Hapana. Anayekuuzia anakula pesa yako.

Nikimeza dawa za kutuliza mchochota nitapona? Natumia chupa ya maji ya moto mpaka tumbo limebaki na mabaka.

Ibuprofeni huzuia prostaglandini, ndiyo maana hupunguza maumivu. Haiondoi tishu zilizokwisha kuota. Imeze baada ya chakula, na kama una vidonda vya tumbo au shida ya figo, uliza kwanza. Matibabu ya homoni na upasuaji ni hatua nyingine, kulingana na hali yako. Mabaka hayo, mdogo wangu, usiyafunike kwa khanga ukiingia kwa daktari. Mwonyeshe, na umtajie siku ngapi kila mwezi unashindwa kuinuka kitandani.