Mto unakula shamba letu, tuikate kona?

SWALI: Shamba letu liko Ozi, kwenye kona ya Mto Tana. Miembe mitatu ya marehemu babu imeshakwenda na maji, na ng'ambo mchanga unazidi kuota. Wazee wanataka tuchimbe mfereji wa kuikata kona. Itafaa? – Msomaji, Witu

JIBU: Pole sana kwa miembe ya babu. Lakini mfereji msichimbe, nakusihi.

Mto ukipinda, maji ya juu hukimbilia upande wa nje, hugonga ukingo na kuzama, kisha hurudi chinichini yakiburura mchanga hadi upande wa ndani. Ndiyo maana kwenu kunaliwa, ng'ambo kunajengwa. Maji yakipungua, pita na mtumbwi uutazame ukingo: juu udongo wa mfinyanzi, chini tabaka la mchanga. Mto huuchokoa mchanga, udongo ukabaki unaning'inia. Mara nyingi hauporomoki mafuriko yakiwa juu. Huporomoka yakishuka, kwa kuwa umelowa ukawa mzito, na maji yaliyouegemeza yameondoka. Siku hizo watoto wasikae ukingoni.

Njia ya mkato ina mteremko mkali zaidi, kwa hiyo maji huenda mbio na kuichimba. Ushahidi mnao hapo hapo: Belezoni. Karne ya 19 palichimbwa mfereji wa kuunganisha Tana na mto wa Ozi, vyombo vipite. Tana ukaufuata, ukaupanua, na mkondo mkuu ukahamia huko. Ndio huu unaomwaga Kipini leo.

Ninachohofia zaidi ni chumvi. Mpunga wa Ozi hunyweshwa na bamvua: bahari ikijaa huyasukuma maji matamu ya mto yakapanda mashambani. Mto ukipungua, yanayopanda ni ya chumvi, na hilo mmeshaliona. Mkiikata kona mmeifupishia bahari njia.

Fanyeni hivi: acheni matete na miti ya asili kando ya mto, msilime hadi ukingoni, na miembe mipya ipandwe mbali, ndani kabisa. Wazee wakishikilia mfereji, waambie kwa heshima kwamba Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali kabla ya kugeuza mkondo wa mto.

Na mwembe ulioanguka, kama bado umelala kando ya ukingo, usiukate kuni. Matawi yake yanapunguza kasi ya maji, na tope linaanza kutulia nyuma yake.