Maswali kwa fundi: miguu ya makabati ya zamani

Shikamoo fundi. Kabati alilotuachia bibi limeoza mguu mmoja wa mbele. Seremala wa mtaani anataka ang'oe yote minne aweke mipya. Nimkubalie? (Igoma)

Marahaba. Usimkubalie hata kidogo. Mitatu iliyobaki ndiyo kabati lenyewe, na ule mzima wa mbele ndio utakaomwongoza mkerezaji, yaani fundi anayechonga mbao ikizunguka kwenye mashine. Wa nyuma usiutegemee, kwani makabati mengi ya zamani yalichongewa miguu ya nyuma ya mraba, isiyo na nakshi. Kata kipande cha karatasi ngumu ya boksi kifuate umbo la mguu, kila pete na kila bonde, kisha pima unene kwa kalipa, kile kifaa cha taya mbili kinachobana kitu na kuonyesha unene wake. Kila mahali pima mara mbili, kwa kukingamisha, maana mbao husinyaa zaidi upande mmoja na duara la zamani huwa limeshabonyea kidogo. Pima pia ulimi unaoingia kwenye fremu. Mara nyingi umeshikwa na gundi iliyotengenezwa kwa ngozi za wanyama, inayolegea kwa joto na unyevu. Zungushia kitambaa cha maji ya moto, subiri, utikise taratibu. Nyundo itapasua fremu.

Nimepata mninga umepasuliwa wiki iliyopita. Nikereze? (Nansio)

Ngoja. Mbao mbichi hukatika kwa raha, lakini ikikauka ulimi unasinyaa na mguu unacheza. Mimi ningetafuta kitanda kibovu cha mninga: mbao zake zimeshakauka miaka mingi. Ng'oa misumari yote kwanza. Kabati likiwa la mvule, tafuta mvule. Na nyuzi zifuate urefu wa mguu, la sivyo utavunjika pale penye shingo nyembamba.

Mashine ya kukerezea iende kasi gani? (Nyakato)

Ndogo mpaka kipande cha mraba kiwe duara, ndipo uongeze. Vaa miwani na barakoa, vumbi la mvule linawasha. Glovu usivae: zikinaswa, mkono unafuata.

Mguu mpya unang'aa, mingine imefifia. Niipige msasa yote? (Mabatini)

Hapana, tafadhali! Rangi ile imejengwa na miaka, hairudi. Punguza mng'ao wa mpya, uutie rangi kidogo kidogo, ukijaribia kwanza kwenye kipande cha mbao ileile.

Nifanyeje usioze tena? (Kirumba)

Maji ya kudekia hupandia kwenye kitako cha mguu. Kipake vanishi mara tatu au nne, gongomelea kipande cha ngozi chini, na siku ya kudeki futa sakafu kuzunguka kabati kwa kitambaa kilichokamuliwa, usimwage ndoo.