Setaria imefika kiunoni, lakini maziwa yanashuka

Swali: Daktari, nina ng'ombe wanane wa maziwa upande wa Masisi, mimi mwenyewe nakaa Goma. Wamezoea nyasi za kikuyu. Mwaka jana nilipanda nyasi nyingine, setaria, kwenye kipande kimoja, na sasa imefika kiunoni. Kila tukiwaingiza humo, siku ya pili maziwa yanapungua. Mchungaji anasema wanazungukazunguka tu. Niing'oe?

Jibu: Usiing'oe, Mama. Setaria yako haina ugonjwa. Imekomaa kupita kiasi, na umbo lake si la kikuyu.

Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Huzungusha ulimi kwenye majani, huyabana kati ya meno ya chini na ufizi wa juu, kisha huvuta kwa kichwa. Kila mvuto ni tonge moja. Anayekamuliwa, mwenye kilo 400, anahitaji karibu kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani majani yakishatolewa maji. Tuseme anakula malishoni saa 8, matonge 50 kwa dakika: hayo ni matonge 24,000, na kila moja lazima libebe nusu gramu. Tonge likishuka hadi gramu 0.3, siku inaisha akiwa na kilo 7 na kidogo tu. Anaweza kuongeza saa moja au mbili, lakini hawezi kuendelea hivyo, maana kucheua nako kunamtaka saa nyingi.

Kikuyu hutambaa na kufunga ardhi kama mkeka, majani yote juu. Ikiwa na sentimita 15 hadi 20, ulimi unajaa kwa mvuto mmoja. Ikiliwa chini ya sentimita 5, ulimi haupati cha kuzungusha. Ng'ombe anadokoa harakaharaka na bado hashibi. Ikiachwa izeeke, chini kunakuwa na tabaka la vijiti vya kahawia, naye anachukua ngozi ya juu tu. Wakati mzuri ni chipukizi likiwa na majani mapya manne au matano. Yahesabu kwa mkono.

Setaria inasimama kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu kuna nafasi. Ikianza kurefusha shina na kutoa masuke, majani yanatawanyika juu ya shina gumu. Mtazame ng'ombe akiwa humo: anapinda shingo, anachagua jani moja ubavuni mwa shina, analitafuna akitembea kwenda fungu lingine. Huko ndiko kuzunguka anakokuona mchungaji. Shina analolazimika kumeza linakaa tumboni muda mrefu, kwa hiyo hata hamu ya kula inapungua. Na kama kikuyu iko ng'ambo ya waya wa uzio, watasimama getini kuisubiri; ng'ombe huchukua siku kadhaa kujifunza jani jipya.

Sasa kata setaria yote kwa panga, uache kisiki cha sentimita 10 hadi 15. Ulichokata kikatekate vipande vya sentimita 2 au 3, uwape zizini pamoja na desmodiamu, lishe ya jamii ya kunde, kama unayo. Usikate chini zaidi, chipukizi litachelewa. Wakati wa mvua, subiri wiki nne au tano. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, angalia urefu na uisahau kalenda. Waingize ikiwa sentimita 30 hadi 40, karibu na goti, uwatoe ikibaki 15.

Ukubwa wa kipande pima hivi: kata mraba wa mita moja kwa moja kwa urefu wa sentimita 15, pima uzito. Ukipata kilo 1 ya majani mabichi, na ng'ombe anataka kama kilo 60, ongeza theluthi moja hadi nusu kwa ajili ya yatakayokanyagwa: mita za mraba 80 hadi 90 kwa kila mmoja kwa siku. Wanane wanataka karibu mita 27 kwa 27. Hamisha waya kila siku.

Jambo moja la hatari: setaria changa, hasa iliyowekwa mbolea ya yurea nyingi, ina oksaleti, kemikali ambayo hushika kalsiamu ya mwilini. Usiwaingize wakamuliwao wakiwa na njaa. Siku tatu za kwanza wape kikuyu kwanza, kisha saa moja au mbili za setaria. Chumvi iwepo daima, kwani kikuyu ina sodiamu kidogo mno.

Usiwarudishe zizini saa kumi jioni. Saa mbili kabla ya giza, na alfajiri, ndipo wanapokula kwa nguvu zaidi.

Mwombe mchungaji ahesabu matonge kwa dakika moja asubuhi. Yakipita 60 na kichwa hakiinuki, majani ni mafupi. Yakiwa chini ya 30 na miguu inatembea, ni mashina. Jioni aangalie ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu: likibaki shimo la kuingia ngumi, kesho yake asogeze waya mapema.